Tunda Bichi la Lango la Theluji

Aliyetaka kuiona okidi ya Mzee Tokuzo alivua viatu, akapiga magoti, akaziba mdomo kwa karatasi nyeupe ili pumzi yake isiuguse mmea. Ndivyo walivyofanya watu wa zamani, waliojua heshima, na Tokuzo hakukubali vingine. Okidi hiyo iliitwa Lango la Theluji. Katika mji wake mdogo kisiwani Shikoku, Japani, hakukuwa na mwingine aliyekuwa nayo. Mke alishakufa, shamba lilishauzwa. Kilichombakia ni kuitwa mwenye Lango la Theluji, na kukaa mbele ya wote kwenye maonyesho ya okidi ya kiangazi.

Kuizalisha alijaribu kama baba yake: tunda likikauka na kupasuka, yeye humwaga mbegu, laini kuliko unga, kwenye mizizi ya mmea mama, kisha husubiri. Alisubiri hadi nywele zikawa nyeupe. Haukuota hata mche mmoja.

Vuli moja tufani iliangusha tunda la okidi lingali bichi. Jirani yake, Bi Misao, mjane aliyewahi kuwa mpishi wa shule, aliliona uani.

"Nipe mimi hilo, Mzee."

"Bichi hilo! Utalitia kwenye supu ya miso?"

"Nitalipika, ndiyo. Wewe nipe tu."

Akampa, huku akicheka mpaka akakohoa. Hakujua kwamba kwa njia ya kuotesha mbegu ndani ya chupa tunda bichi ndilo hasa linalotakiwa, kwa kuwa mbegu zake bado zimefungiwa ndani, hazijaguswa na uchafu. Bi Misao alichemsha chupa za jemu kwenye sufuria ya presha, zikiwa na jeli ya mwani iliyotiwa sukari. Akaliosha tunda kwa dawa ya kung'arishia nguo, akalipasua, akanyunyiza mbegu humo, akafunika.

Majira ya kuchipua alimwita jirani yake. Juu ya friji zilipangwa chupa, na ndani ya kila moja vidoa vya kijani vilisongamana kama mayai ya samaki.

"Wajukuu zako hao, Mzee. Mbona umenuna? Siku ile ya supu ulicheka!"

"Lango la Theluji, jikoni," alisema Tokuzo. "Pamoja na figili zako za kuchachusha."

"Si wameota? Wa kwako wa kwenye mizizi wako wapi?"

Bi Misao alipogeuka kumimina chai, mzee alifungua kifuniko kimoja, akainama, akapuliza ndani pumzi yake yote. Kisha akafunika na kunywa chai.

Baada ya siku chache Bi Misao alisimama mlangoni pa mzee. "Chupa moja imeota ukungu. Bahati nzuri nyingine zote ni salama."

Furaha iliyompanda Tokuzo ilishuka palepale.

"Miche ikikua nitaigawa," Bi Misao aliendelea. "Muuza tofu ameshaomba. Na kinyozi. Wewe nawe nitakuwekea."

"Uniwekee mimi? Kitu changu mwenyewe?"

"Sasa kitakuwa cha wote, Mzee. Kuna ubaya gani?"

Kiangazi kilipofika na Lango la Theluji likatoa mabua ya maua, alichukua mkasi akayakata yote yangali na vitumba, tunda jingine lisije likapatikana. Kwenye maonyesho alikaa mahali pake, mbele, na chungu chenye majani matupu.

"Maua yako wapi?" Bi Misao aliuliza.

"Mama amechoka kuzaa."

Mwaka ule harufu tamu ya okidi haikuingia nyumbani mwa Tokuzo, wala mwaka uliofuata.