Madebe Mawili Kwenye Kiti cha Mama Mkwe

Jumamosi, tarehe 12 Aprili. Manyunyu tangu alfajiri, milima ya Usambara haikuonekana kabisa. Saa nne jua likatoka kwa hasira.

Leo tulikwenda Kwedizinga kumchukua mama mkwe, aje Kilole kumwona mjukuu wake mchanga. Kwa haki yake niandike kwanza kwa nini alikuwa ameapa kuja na basi. Mwaka jana pikapu niliyoitengeneza mimi ilivunjika springi Makuyuni, naye yumo. Akamalizia safari kwa miguu, kuku mkononi. Tangu siku hiyo hapandi gari lililopita mikononi mwangu, na amewaambia wengi. Nilitaka leo apande. Sikuwa na shida nyingine.

Gari lenyewe ni la shemeji, kaka wa mke wangu. Ni gari la michezo la Kiingereza, la zamani, viti viwili tu, na limekwisha kutiwa injini ya Kijapani. Nyuma kila tairi lina mikono yake ya chuma inayolishika na springi yake, linapanda na kushuka peke yake. Bushi, ile mipira ya kwenye maungio, zilikuwa zimekwisha, gari likitembea kama bata. Nililala chini yake wiki tatu. Niliishia darasa la saba, na kitabu cha gari kimeandikwa Kizungu, mimi naangalia picha. Kwa hiyo sina hakika kama yote niliyafanya sawa. Nilitia bushi ngumu, mikono mipya ya chuma kinene, na shokapu zilizovishwa springi zenye pete ya kuzungusha: ukiikaza, upande ule unanyanyuka.

Kupima gari linakaa juu kiasi gani, sharti libebe uzito wa watu wake. Kwa dereva alikaa shemeji mwenyewe. Kiti cha kushoto kilikuwa cha mama mkwe, na hapo ndipo nilipokosea. Mkwe huwezi kumkadiria kama ng'ombe wa mnadani. Nikaweka madebe mawili ya mahindi, nikakaza pete, nikajiona nina adabu. Shemeji aliyatazama yale madebe, akanitazama mimi, akanyamaza. Ningepaswa kushtuka pale pale, maana kunyamaza si tabia yake.

Shemeji aliendesha peke yake, mimi nyuma kwa bodaboda. Kwedizinga mama alilizunguka gari mara mbili. Mimi nilisimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa, kwani maneno yetu hupitia kwa mwanawe. Shemeji akambembeleza, mwishowe akakaa. Gari likainama kushoto. Halijafika barabarani, tairi likaanza kusugua bodi. Mama akashuka.

"Muulize mkwe wangu, gari lake lina nini?"

Shemeji hakuniuliza. Alikuwa akiisubiri nafasi hii wiki nzima. "Mama, limepimwa kwa ajili yako. Amekukadiria madebe mawili."

Nilitazama viatu vyangu. Nikajua basi ndiyo hivyo, anakwenda stendi.

"Mwambie nashukuru," alisema mama. "Hata nilipokuwa mwali sikuwa madebe mawili."

Akaenda mwenyewe kwa jirani anayenunua mahindi, akapanda mizani. Akaagiza nigeuke. Niligeuka, nikaitazama mihogo. Shemeji akasoma kilo, akazigeuza madebe, akatangaza kwa sauti ya mnadi: madebe manne na nusu. Mama akasema na kikapu chake kipimwe, fundi asije akasingizia kikapu.

Nilipiga jeki, nikakaza pete ya kushoto mpaka vidole vikauma. Nisifiche: tairi lile sasa limesimama upande kidogo, na huenda likalika mapema. Nilimwambia shemeji. Akasema tairi ni lake na mama ni wake.

Mama akakaa tena. Gari likakaa sawa. Niliwafuata kwa bodaboda, na kwenye kila korongo nililitazama tairi la kushoto likizama na kurudi, la kulia likiendelea na mambo yake. Halikusugua hata mara moja.

Kilole alishuka, akampokea mtoto, akamgeukia mke wangu. Mimi nilikuwa mlangoni, nasikia.

"Mwambie mumeo nitarudi kwa hilo hilo. Lakini nakaa hapa wiki mbili nikilishwa, kwa hiyo siku ya kuondoka anipime upya."

Jioni tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi na dagaa wa kukaanga, mama na mke wangu ndani, mimi na shemeji barazani.