Siku Gari la Baba Lilipokataa Kutulia

Baba hulifanyia gari lake sevisi mwenyewe, uani, nyumbani kwetu mtaa wa Kambarage, na ana utaratibu wake wa siku zote. Hutandika chini kiroba kitupu cha mahindi. Kila anachokifungua hukilaza juu ya kiroba, kwa mstari, kuanzia kushoto. Wakati wa kurudisha huanzia kulia. Kiroba kikibaki kitupu, kazi imekwisha, na hapo hukikung'uta, akakikunja, akaomba chai.

Aliutoa utaratibu huo machimboni. Ujana wake wote aliutumia kuchimba dhahabu upande wa Geita, na huko, kabla ya kushuka shimoni, walipanga nyundo na patasi zao kwenye mdomo wa shimo. Jioni zikirudi zote kwenye mstari, walijua hakuna kilichosahaulika chini. Shimo lilimlipa kidogo na likamchukua sikio la kushoto, kwa sababu ya kelele za mashine. La kulia linasikia ukilisogelea.

Uziwi huo ndio ulioleta maneno ya kuuza gari. Kaka yangu mkubwa alianza nayo baada ya mavuno: Baba amezeeka na hasikii vizuri, gari limezeeka kuliko Baba, liuzwe kabla halijawaacha porini. Baba hakubishana. Alisema tu kwamba mdogo wetu wa mwisho amejifungua kule Chato, na yeye atakwenda kumwona mjukuu akiliendesha mwenyewe, kupitia Kahama na Geita. "Likisumbua kwenda au kurudi," alimwambia kaka, "njoo na mnunuzi. Lisiposumbua, nisisikie tena habari hiyo." Mama alicheka, akasema habari nyingi hata hivyo hazisikii.

Kwa hiyo asubuhi ya safari Baba alifanya sevisi. Alibadilisha oili na filta yake, akaweka plagi mpya, akapuliza vumbi kwenye eya klina, lile chujio la hewa, akakunja kiroba. Nilikuwa nimetoka Maganzo, ninakofundisha, ili nisafiri nao. Kaka naye alifika kutuaga, akaegemea geti, mikono kifuani.

Baba aliwasha gari. Liliwaka mara moja, kisha likaanza kutetemeka.

Nieleze kidogo hapa, maana jambo lenyewe si gumu. Gari likiwaka bila kukanyagwa mafuta, injini inapaswa kuzunguka polepole na kwa utulivu. Mafundi wetu huiita hali hiyo sailensi. La Baba siku hiyo lilikataa kushika sailensi. Mlio ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, boneti ikitikisika kama mfuniko wa sufuria ya maharage. Ukikanyaga mafuta lilitulia na kunguruma vizuri. Ukiachia, mtetemo ulirudi, na mara ya pili likazima kabisa.

"Jana lilikuwa zima?" kaka aliuliza kutoka getini.

"Jana halikuwa limefanyiwa sevisi," Mama akamjibu kutoka jikoni.

"Basi mzee, tusidanganyane. Basi la Chato bado lipo stendi. Mkiondoka sasa mnaliwahi."

Baba alijifanya hajasikia, au kweli hakusikia. Aliweka kiganja juu ya injini kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nilimwona usoni. Hakuwa na hasira, alikuwa na aibu kidogo, na hiyo niliiona mbaya zaidi.

"Mayu," akaniita. Huniita hivyo, yaani mama kwa Kisukuma, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Niazime masikio yako."

Ninapenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba kitu kikiharibika baada ya kuguswa, usitafute mbali, rudi ulipogusa. Nikamwambia Baba vivyo hivyo, mdomo karibu na sikio lake la kulia. Tukaanza kurudi nyuma pamoja. Oili haiwezi kulitetemesha gari namna ile, ila tulichomoa kijiti tukapima: ilikuwa pale pale inapotakiwa. Zikafuata plagi: moja isipokazwa au waya wake usipokaa vizuri, injini hukosa pigo moja kama mtu anayechechemea. Tulizikagua moja moja. Zote zilikuwa zimekazwa, waya zimeingia hadi mwisho.

"Chai inapoa," Mama alisema.

"Iache ipoe," Baba akajibu. Hilo alilisikia.

Ikabaki njia ya hewa. Injini huvuta hewa kupitia mlango mmoja, na pale mlangoni hewa hupimwa ili mafuta yachanganywe kwa kadiri yake. Kukiwa na tundu baada ya mlango huo, hewa nyingine huingia bila kupimwa. Gari likikimbia huvuta hewa nyingi, hiyo ya wizi haionekani. Likisimama huvuta kidogo tu, na hapo mwizi mdogo anakuwa mkubwa. Ndiyo maana lilitulia kila tulipokanyaga mafuta.

Nilichukua kipande cha bomba la kumwagilia bustani, ncha moja sikioni, nyingine nikaipitisha taratibu juu ya injini huku Baba akishikilia mafuta kidogo lisizime. Ukitaka kujaribu, funga nywele na khanga zako kwanza, na bomba likae mbali na kila kinachozunguka. Nilipita pembeni ya eya klina. Kimya. Nikapita nyuma yake, kwenye mpira mwembamba wa hewa, na hapo nikasikia: ssssss, kama nyoka aliyeudhiwa.

Niliubana mpira kwa vidole, nikamwashiria Baba aachie mafuta. Gari likatulia. Nikaachia, likatetemeka. Nikabana tena.

"Bana, achia," Baba akasema, uso umefunguka. "Bana. Enheee!"

Akashuka, akainama, akauona ufa kwenye ncha ya mpira, akajipiga paja. Aliufahamu ufa ule. Ulikuwa wa zamani, na mpira ulishakatwa ncha mara nyingi hata hauwezi kufupishwa zaidi. Yeye mwenyewe aliuzungushia utepe wa tyubu ya baiskeli, akauvuta ukakaza kama walivyofunga mipini ya nyundo machimboni. Ili kufungua eya klina ilimlazimu auchomoe mpira huo, na utepe akaufungua.

"Nikaulaza kwenye kiroba," alisema. "Wa kwanza kushoto. Ulipaswa kuwa wa mwisho kurudi."

"Haukuwepo?"

"Ungekuwepo ningeurudisha."

Tulitazama chini ya gari. Tulikikunjua kiroba, tukakikung'uta upya. Kaka aliacha geti, akaja kuinama pamoja nasi, suruali yake nzuri magotini kwenye vumbi. Utepe mweusi, urefu wa mkono. Hakuna.

Mama alitoka jikoni na kikombe cha chai. "Mnatafuta nini, mmeinama kama mnapanda karanga?"

"Mpira wa tyubu," nikasema.

"Ule mweusi uliokuwa kwenye kiroba?"

Tukanyanyuka wote.

"Nimefungia kuku," Mama alisema. "Ulikuwa umelala tu pale."

Kwetu utepe wa tyubu ukiwa umelala tu hauna mwenyewe. Unafunga mzigo kwenye baiskeli, mpini wa jembe, mlango wa banda, na miguu ya kuku anayepelekwa kwa mzazi. Kuku wawili wa supu ya mdogo wetu walikuwa tayari ndani ya buti ya gari, kwenye tenga, wamefungwa pamoja kwa ustadi, wakitutazama.

Kaka ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akashika mlango wa gari. Baba alichelewa kidogo, kisha akacheka yeye pia, akimwonyesha Mama kidole bila kuweza kusema.

"Na kuku wangu niwafunge na nini?" Mama akauliza. "Mnacheka, wakikimbilia Kahama mtawafuata ninyi?"

Kaka alivua mkanda wa suruali. Mama akautazama, akaukataa, akachana pindo la kitambaa cha jikoni. Baba aliusafisha utepe, akauzungusha juu ya ufa, akivuta na kubana, akivuta na kubana, akachomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Akawasha. Gari lilinguruma, likashuka, likatulia.

"Bado Geita," kaka alisema, lakini alisema kwa upole, na alitufungulia geti.

Jaribio lenyewe lilikuja tulipokuwa tumeiacha lami. Ng'ombe walikuwa wakivuka barabara, kundi refu, bila haraka. Baba alisimama, akaacha injini ikizunguka. Mimi nilisikiliza, Baba aliweka kiganja juu ya dashibodi. Ng'ombe wa mwisho alipopita, mchungaji akatupungia fimbo, na gari lilikuwa bado limetulia. "Wabeja," Baba alisema, asante, na mpaka leo sijui alimwambia mchungaji au injini.

Tulikula Chato, tukamwona mtoto, Baba akambeba upande wa sikio lake zima. Tulirudi salama.

Jumapili iliyofuata kaka alikuja na kifurushi kidogo. Ndani mlikuwa na mpira mpya wa hewa, wa gari la aina ile ile, na alikuwa ameutafuta mji mzima. Hakusema lolote juu ya kuuza. Baba alitandika kiroba, wakainama wote wawili chini ya boneti, na kila kilichofunguliwa Baba alimpa kaka akilaze kwenye mstari. Mpira mpya ulipoingia, juu ya kiroba ulibaki utepe mweusi peke yake, na Baba hakujua akikunje kiroba au akiache.

Mama alipita na ndoo, akauokota, akaenda nao bandani.

"Kazi imekwisha," Baba akasema.