Nilimjibia Baba Mkwe Maswali ya Kompyuta

Kompyuta haikukosea. Nilikosea mimi, na kwa wiki tatu niliwaacha watu wailaumu mashine huku najua. Jina langu naomba libaki kwangu, maana hapa Tunduma tunafahamiana.

Nafanya kazi ya maabara katika kliniki moja binafsi, si mbali na pale malori ya kwenda Zambia yanapopanga foleni. Tuliletewa programu ya akili mnemba ya magonjwa ya njia ya mkojo. Unaingiza majibu ya damu ya mgonjwa: kipimo cha tezi dume, cha figo, wingi wa damu na mengine. Halafu unamwuliza maswali machache na kujaza. Mashine imefundishwa kwa majibu ya wagonjwa wengi, kwa hiyo inakuambia kama inaona maambukizi, tezi iliyotanuka tu, au jambo la kumkimbiza mtu kwa daktari bingwa.

Aliyetufundisha alirudia mpaka tukachoka: mashine haimwoni mgonjwa, inaona mlichoijazia. Niliitikia kama wenzangu.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipoanza, mume wangu alimleta baba yake kutoka Mbozi. Mzee alikuwa anaamka kila mara kwenda haja ndogo, na inatoka kwa shida. Mwenzetu wa kiume ambaye kwa kawaida huwauliza wazee maswali alikuwa anafunga kidonda cha mtu. Nikasema moyoni, huyu ni baba yangu, namhudumia mwenyewe.

Damu nilitoa vizuri. Maswali ndiyo yaliyonishinda.

Kwetu baba mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka unamwogopa. Nimeolewa miaka kumi na moja, sijawahi kula naye meza moja. Nikimsalimia napiga magoti, macho chini. Sasa nimwulize kama anaona damu kwenye mkojo? Neno mkojo lenyewe halijawahi kupita kati yetu!

Nikamwuliza umri. Nikamwuliza kama amewahi kuvuta sigara, akasema aliacha zamani. Nilipofika kwenye swali la damu, ulimi ukagoma. Mashine haikubali nafasi ibaki wazi, kwa hiyo nikabonyeza "hapana". Na yaliyofuata, "hapana". Mzee alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wingi wa damu yake ulikuwa chini kidogo. Niliona. Nikajiambia ni uzee.

Mashine ikaandika hatari ndogo, tezi imetanuka. Daktari akaifuata hiyo, akaandika dawa. Mzee alirudi kwake kwa furaha, na wiki iliyofuata akatutumia mkungu wa ndizi.

Miezi mitano baadaye, Jumapili tunatoka kanisani, mama mkwe akapiga simu. Mzee hakuwa amekojoa tangu jana yake, tumbo limejaa, analia kama mtoto. Tulimkuta hospitali huko Vwawa ameshawekewa mpira wa kutolea mkojo. Mfuko ulioning'inia kando ya kitanda ulikuwa mwekundu, na mabonge ndani.

Daktari alimwuliza alianza lini kuona damu. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni tangu kabla hajaja kupimwa Tunduma. Ilikuwa inakuja na kuacha, wala haiumi.

Mume wangu akanigeukia. "Si mlimpima kwa ile kompyuta yenu?"

"Mashine nazo hukosea," nikasema.

Mungu wangu! Uongo ule ulitoka kirahisi kuliko swali nililoshindwa kuuliza.

Akahamishiwa Mbeya, wakamwingizia kamera kwenye njia ya mkojo, wakakuta uvimbe kwenye kibofu. Wakachukua kinyama kukipima. Ikawa saratani. Mume wangu akaja kliniki kwa hasira, na bosi akaamuru programu isiguswe mpaka wenye nayo waje Alhamisi kukagua. Alisema wataangalia kila kilichojazwa, na aliyejaza ni nani.

Tangu hapo sikuwa mtu. Simu ikilia nashtuka. Bosi akiniita kuniuliza habari za sindano tu, nadhani ameshajua. Nilikuwa namwona mume wangu akimwombea baba yake, akiiombea laana mashine, na mimi pembeni nasema amina.

Jumanne mchana, wenzangu wameenda kula, nikafungua kwa siri taarifa za mzee, ingawa tulikatazwa. Sitawaficha, nilitaka kufuta. Kidole kilifika kwenye kitufe cha kufuta, nikakiondoa. Nikafungua ukurasa mpya, nikajaza upya damu ileile na majibu yaleyale, ila kwenye swali moja nikaweka "ndiyo".

Ikaandika: apelekwe kwa bingwa haraka, achunguzwe kibofu.

Miezi mitano! Nilifunga bila kufuta kitu, nikaomba ruhusa, nikapanda basi la Mbeya.

Mzee alikuwa ameketi kitandani. Nikapiga magoti sakafuni, nikamwambia yote.

"Nilikuona umeinama," akasema. "Nikajua unaona aibu. Na mimi nikaona aibu, nikanyamaza."

Nililia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Kamwambie mumeo leo. Asiyasikie kwa hao watu wa Alhamisi."

Nilimwambia. Hakunitukana. Alichukua blanketi akahamia chumba cha watoto, na sasa ni mwezi wa tatu tunaongea habari za ada na mboga tu. Kazini niliandika barua mwenyewe kabla ya wakaguzi kufika. Nimetolewa maabara, nimewekwa mapokezi, na suala la leseni yangu bado halijaamuliwa. Programu imerudishwa kazini.

Baba alifanyiwa upasuaji. Uvimbe ulikuwa umeingia ndani kuliko walivyotegemea. Daktari hakusema kama miezi ile ingebadilisha kitu, na mimi sikumwuliza. Nimeshindwa tena kuuliza! Naliogopa jibu lake. Mwezi ujao mzee anarudi kuangaliwa.

Wazee wetu, ukiona damu, sema hata kama hujaulizwa, hata kama aliye mbele yako ni mkweo.

Na ninyi mnaojaza hizi mashine, msimjibie mgonjwa. Aibu ikikushika, inuka umwite mwingine. Ni maneno machache tu: "Huyu ni mkwe wangu, njoo uniulizie." Hakuna ambaye angenicheka.