Mama Benchi, Msindikizaji wa Vijana Wasio na Kwao

Alizaliwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu, mtoto wa nne wa fundi cherehani, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, akabatizwa wiki iliyofuata kwa kuwa alikuwa dhaifu na bibi yake hakutaka kubahatisha. Yale yasimuliwayo juu ya watakatifu wengi, kwamba tangu utotoni walipenda sala kuliko chakula, yeye hayamhusu. Dada yake mkubwa, ambaye yu hai na ulimi wake bado mkali, ameniambia kwamba alikuwa mvivu wa kuosha vyombo, mpole kwa wageni, na mwenye mwandiko mzuri kuliko wote pale nyumbani. Mwandiko huo ndio uliompatia kazi. Alipotimiza miaka ishirini na sita, parokia ilimweka katika ofisi yake ya huduma kwa vijana, chumba cha dirisha moja kando ya kanisa, ambapo kijana aliyekosa pa kulala aliandikishwa ili apelekwe kwenye nyumba yetu yenye vitanda kumi na viwili.

Utaratibu ulikuwa mmoja, na naueleza kwa aibu, maana mimi, katibu wa kamati ya huduma hiyo, ndiye niliyeuandika. Kijana hakupewa kitanda bila barua ya ofisi ya mtaa ya kumtambulisha. Tuliogopa kuambiwa tunaficha watoto wa watu. Kwa miaka minane aliufuata bila kukosea: aliandika kwenye kikaratasi "Alete barua," akakigonga mhuri, akampa kijana na kumwelekeza njia. Alifanya hivyo kwa upole, lazima niseme. Hakuwahi kumfokea mtu.

Mwezi wa saba wa mwaka aliotimiza thelathini na minne, alikuja binti wa miaka kumi na saba, akikohoa, amevaa kandambili zisizofanana. Alikuwa amefukuzwa kwao. Akapewa kikaratasi. Ofisi ya mtaa ikamwambia aje na mzazi, na mzazi ndiye aliyemfukuza. Alirudi kwetu siku ya pili, akaambiwa kwamba utaratibu ni ule ule. Siku ya tano askari polisi walikuja parokiani na kikaratasi chetu, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa mfukoni mwa maiti waliyoikuta chini ya ngazi za soko. Mtumishi huyu wa Mungu aliutambua mwandiko wake kabla hajaambiwa ni maiti ya nani.

Alikwenda msibani kuomba radhi. Mama wa marehemu, mchuuzi wa mboga, alimpokea, akampa kiti, kisha akamwambia maneno aliyoyabeba hadi kufa kwake: "Usilie peke yako, dada. Tumemfukuza wote wawili. Mimi nilimfukuza kwa makelele, wewe ukamfukuza kwa upole." Nimesikiliza mahubiri miaka hamsini, sijasikia yaliyomchoma mtu namna ile. Alifunga siku tatu. Siku ya nne akaja kijana mwingine. Alishika kalamu, akaiweka chini, akainuka, akafunga ofisi, akamwambia, "Twende wote."

Huo ndio ulikuwa wito wake, na hakuna malaika aliyeonekana. Kwa miaka kumi na tisa iliyofuata hakumtuma kijana popote peke yake. Alikwenda naye ofisi ya mtaa, hospitali, kwa mwenye nyumba, kwa fundi gereji anayetafuta mwanagenzi, hata kwa mjomba aliyeukana undugu. Alikaa naye kwenye benchi mpaka jina liitwe, hata ikiwa kutwa nzima, hata ikiwa kesho tena. Makarani wakamwita Mama Benchi kwa kebehi. Vijana wakalichukua jina hilo, wakaliosha, likawa lake. Hakuwa mtu wa ushauri mwingi. Alisema tu kwamba ukiwa na mtu pembeni, hata "njoo kesho" haikuumi sana.

Majaribu yake hayakutoka kwa wapagani, yalitoka kwetu. Kamati iliona ofisi imefungwa kila mara na vijana wamepanga foleni mbele ya kufuli. Zamani aliandikisha mia tatu kwa mwaka. Sasa alihudumia thelathini na mmoja. Wale wa kwenye foleni walimliza, wala hakuficha. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. "Ndiyo maana nashika mmoja mmoja, mzee," akajibu. "Niliowatuma zamani sijui walipo, isipokuwa mmoja. Huyo nilimzika." Tulimsimamisha kazi miezi sita, na barua niliisaini mimi. Aliendelea kwenda kwenye mabenchi kama kawaida, bila mshahara, na kila tulipokutana njiani alinisalimu mimi kwanza. Heri angenitukana.

Juu ya maajabu yake nitaandika moja tu. Kijana mmoja, leo mchomeleaji mwenye karakana yake, alikuwa ameambiwa miaka minne kwamba faili la cheti chake cha kuzaliwa limepotea. Mama Benchi alikaa naye siku kumi na moja, kimya, akisali rozari. Siku ya kumi na moja karani aliinuka mwenyewe, hakuna aliyemwomba, akaingia stoo, akatoka na faili. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye korido zile hatahitaji nimweleze kwa nini twaliita ajabu.

Alifariki tarehe nane ya mwezi wa kumi na moja, kabla ya saa nne asubuhi, kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Alikuwa amemsindikiza binti wa miaka kumi na sita aliyekuwa akilala kituo cha mabasi. Binti alidhani amesinzia kwa uchovu, akamfunika kwa sweta lake. Jina lake lilipoitwa hakuinuka, asije akamwamsha.

Siku ya nne tulimzika. Kanisa lilifurika, na mimi nilisoma wasifu wake kwa dakika arobaini. Jioni nilimkuta msichana nyuma ya ukumbi, akisugua masufuria ya msiba, nikadhani amekuja na wapishi. Nilipomuuliza anakaa wapi, nikamjua: ndiye binti wa lile benchi. Siku zote nne, wakati sisi tukivutana juu ya mbao za jeneza, alikuwa akilala nje, kando ya ukuta wa kanisa. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu.

"Sikutaka kuwasumbua, mzee," alisema. "Nilikuwa nasubiri mmalize kulia."

Usiku huo alilala kwenye kitanda cha nyumba yetu ya vijana, bila barua, na asubuhi nilikwenda naye kwenye benchi la ustawi wa jamii. Kanisa bado halijatamka lolote juu ya Mama Benchi, nami silitangulii. Kaburi lake halikosi maua, na wanaomwomba awaombee wanazidi kila mwaka. Wengine hutoka mbali, hupiga magoti, hulia sana. Tunaokaa na vijana kwenye benchi, hadi leo ninapoandika, tuko saba. Nawasihi, ndugu zangu, mkishafuta machozi pale kaburini, mzunguke hadi ofisini, kando ya kanisa. Foleni huanza saa moja.