Mwanaume Nyuma ya Mashine ya Kufulia

Nilipofungua mlango wa chumba cha kufulia, nilimkuta mwanaume amechuchumaa nyuma ya mashine.

Mtu mzima, mrefu, fulana kuukuu, kitu bapa amekikumbatia kifuani. Aliponiona hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliweka kidole mdomoni, kama anayemnyamazisha mtoto kanisani.

Yaliyofuata sijawahi kumsimulia mtu zaidi ya mume wangu. Leo nayatoa. Mkitaka kunisema, nisemeni, nimestahili.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Naitwa Yvette, ni daktari wa meno. Mume wangu Terrell ni mhandisi wa madaraja. Tulikuwa tunakaa Minnesota, mtaa msafi, watu wa heshima zao, na weusi pale tulikuwa mimi, yeye na binti yetu Janelle. Basi.

Siku moja mwezi wa kumi Terrell alisahau funguo, akawa anafungua dirisha la jikoni kwetu kwa nje. Jirani wa nyumba ya tatu akawapigia polisi simu. Jirani ambaye mimi mwenyewe nimemng'oa jino!

Janelle, miaka tisa, alimwona baba yake amelazwa kifudifudi kwenye majani ya uwanja wetu.

Tangu hapo, kila Terrell akitoka hata kuchukua barua kwenye sanduku la getini, mtoto anasimama dirishani kumlinda mpaka arudi. Hatuambii kitu. Anasimama tu.

Nikamwambia Terrell, "Tunahamia Atlanta. Nataka mtaa wa watu weusi waliosoma. Mawakili, walimu, madaktari. Watu ambao wakikuona unahangaika na dirisha lako wanakuja kukushikia ngazi."

Akacheka. "Unataka mtaa au unataka mkutano wa wahitimu?"

"Nataka mtoto atoke dirishani."

Akaacha kucheka.

Nikatangulia Atlanta peke yangu. Sasa kuutafuta mtaa huo si mchezo. Dalali wetu alikuwa mama mmoja wa kizungu, Kirsten, mpole mpaka anakera.

"Kirsten, niambie ukweli. Hapa wanakaa watu kama mimi?"

"Yvette, unajua sheria hainiruhusu kumwambia mteja rangi ya majirani. Leseni yangu itaota mbawa."

"Basi nikonyeze."

"Hata kukonyeza siruhusiwi."

Ikabidi niwe mpelelezi. Jumapili naegesha gari nje ya makanisa, nione waumini wakitoka wanaelekea upande gani. Nikaenda kusuka saluni tatu tofauti ndani ya wiki mbili, natega sikio, hadi kichwa kikawa kinauma. Kila mtaa nilitafuta kwenye magari vibandiko vya vile vyuo vyetu, vyuo vya weusi. Msusi mmoja akaniangalia kwenye kioo akasema, "Dada, wewe unatafuta nyumba au unachumbia?"

Nyumba ya kumi na moja ndiyo hii ninayowasimulia. Mtaa wa Larkmoor, Jumamosi, saa nne asubuhi.

Nyumba nzuri ajabu. Ila nilitazama huku na huku, sikuona dalili hata moja ya watu weusi. Magari yote gereji. Ndani kuta tupu, pamening'inizwa picha moja tu ya mashua ziwani. Kwenye rafu vitabu vinne, vimepangwa kwa rangi. Jikoni hakuna hata chupa ya pilipili.

Nikasema kimoyomoyo: wazungu hawa. Nimekwisha.

Kirsten alikuwa nje anaongea na simu. Nikasema nimalizie tu chumba cha kufulia, nisije nikaonekana nimedharau.

Ndipo nikamkuta yule mwanaume.

Nilitoka nduki. Kiatu kimoja kilibaki sebuleni.

"Vipi?" Kirsten akauliza.

"Kuna mtu ndani!"

"Yvette, subiri, labda ni fundi au..."

Sikumsubiri. Simu ilikuwa sikioni tayari.

"Kuna mwizi ndani ya nyumba," nikamwambia mama aliyepokea simu ya polisi. Nikampa anwani.

"Yukoje?"

"Mwanaume. Mrefu. Mweusi."

Nililisema neno hilo jepesi, haraka, kama mtu anayetaja namba ya gari. Lilipotoka nikataka kulirudisha, lakini mama yule alishakata simu.

Walifika wawili, ndani ya dakika nne. Vijana, mikono kiunoni kwenye bastola.

"Uliye ndani! Toka! Mikono tuione!"

Mlango ukafunguka taratibu. Yule bwana akatoka na kile kitu bapa kifuani.

"Dondosha! Dondosha hicho!"

"Ni picha tu, afisa, ni..."

"Dondosha!"

Akaachia. Kikaanguka kifudifudi kwenye ngazi za saruji, kioo kikapasuka. Nikashika mlango wa gari la Kirsten.

Wakampigisha magoti na kumfunga pingu.

"Hii ni nyumba yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia mno, sauti ya mtu aliyejifunza zamani namna ya kuzungumza akiwa amepiga magoti. "Naitwa Everett Tolliver. Ni profesa wa kemia."

"Kitambulisho?"

"Kiko kwenye gari la mke wangu. Amenishusha hapa, ameenda kujaza mafuta."

Polisi mmoja akachungulia ndani, akatoka. "Nyumba yako, na hakuna hata picha yako moja ukutani?"

Profesa akafumba macho.

"Tumeziondoa," akasema. "Mtathmini wa kwanza, wa kupanga bei ya nyumba, alikuta picha zetu, akaipa nyumba bei ya kibanda. Tukaficha kila kitu, hata vitabu. Tukamwomba mwenzangu wa kazini, mzungu, ajifanye mwenye nyumba. Mtathmini wa pili akapandisha bei, hatukuamini macho yetu. Picha ya harusi niliisahau nyuma ya mashine. Nimeifuata, nikasikia gari, nikadhani ni wanunuzi wa kizungu. Nikajificha."

Jamani. Kwake mwenyewe.

Milango ya gereji za majirani ikaanza kupanda, mmoja baada ya mwingine.

Akatoka mama mwenye vibiringisho kichwani, gauni la kuogea, amejifunga mkanda kama anakwenda vitani. Akatoka bwana mwenye fulana ya chuo kimoja kati ya vile nilivyokuwa navitafuta. Mwingine na mwingine. Wengine simu juu, wanarekodi. Weusi watupu, mtaa mzima.

Wiki sita nimewatafuta watu hawa. Ndiyo hivyo nikawapata.

"Kijana," yule mama akamwambia polisi, "mimi ni Jaji Merriweather. Huyo uliyempigisha magoti ni jirani yangu miaka ishirini na miwili. Mfungue."

"Mama, naomba usogee..."

"Nimesogea miaka sitini na tisa. Mfungue."

Hapo gari likaingia kwa kasi, mke wa profesa akaruka kabla halijasimama vizuri. Hakumfokea mtu. Aliinama kwenye ngazi, akaigeuza ile picha na kuisimamisha mbele ya uso wa polisi, vipande vya kioo vikimchana vidole. Bwana harusi mrefu, sura ileile.

Pingu zikafunguliwa. Polisi wakaomba radhi kwa mdomo tu.

Jaji akageuka. "Nani alipiga simu?"

Mtaa wote ukamtazama Kirsten.

Yaani bila kusita. Macho yote yakamgandia yule mzungu aliyeshika mkoba wake. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndiyo zao." Kirsten akawa mwekundu, akafungua mdomo, akanitazama mimi. Akaufunga.

Hakunitaja. Akaubeba mzigo wangu.

Na mimi nikamwacha aubebe.

Sijui zilipita sekunde ngapi. Nilijiambia, nyamaza Yvette, utawaandikia barua, utaeleza vizuri, mkiwa majirani mtacheka. Jaji alikuwa ameshaanza kumnyooshea Kirsten kidole.

"Ni mimi," nikasema.

Kidole cha Jaji kikashuka.

"Wewe?" Jaji akauliza. Hakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angekuwa nayo.

Nikaeleza huku nalia. Nikaeleza Minnesota, dirisha, Janelle. Mke wa profesa, Bi Lorraine, alinisikiliza mpaka mwisho, anafuta damu vidoleni kwa sketi.

"Kwa hiyo, dada," akasema, "ulikuwa unatafuta mtaa ambao mumeo hatapigiwa polisi nyumbani kwake."

"Ndiyo."

"Ulikuwa huu. Mpaka saa nne na nusu leo."

Profesa akamgusa bega. "Lorraine, na mimi nilimwogopa yeye."

"Ulimwogopa, Everett. Hukumpigia mtu simu."

Wakaingia majumbani mwao, na milango ya gereji ikashuka.

Ndani ya gari nilimpigia Terrell. Nikamweleza yote.

"Alikuwa amevaa nini?" akauliza.

"Fulana kuukuu. Kwa nini?"

"Hapana. Nataka kujua tu nisivae nini ukiwa karibu."

Hajawahi kurudia maneno hayo, na mimi sijawahi kuyasahau.

Nyumba hawakutuuzia. Tulipata nyingine upande wa pili wa mji. Jirani wa kulia anaendesha malori, wa kushoto ni muuguzi. Digrii zao sizijui, sijauliza. Siku tuliyohamia niligonga milango yote nikiwa na Terrell na Janelle, nikasema majina yetu, nikawaomba wayaseme ya kwao, nikazitazama sura zao vizuri.

Ndugu msomaji, ukihamia mji mgeni utawachunguza sana majirani: ni kina nani, wamesoma wapi, wanafanana na wewe kiasi gani. Chunguza, ni haki yako. Mimi niliwachunguza wiki sita, na sikuwahi kujiuliza hata siku moja kama mtaa huo, ukinipata mimi, utakuwa salama.