Ndagala za Kutafuniwa

Wakikaanga ndagala, visamaki vile vya ziwani, kwenye jiko la shule, wenzangu wanakimbilia foleni na sahani, mimi naziba pua. Harufu ile inanirudisha kwa mdogo wangu, siku alipokuwa anatoka kwenye surua, bado hajajua kusema vizuri. Homa ilikuwa imemwacha, lakini mdomo ulijaa vidonda na mbavu zilitokeza kama za mbuzi wa kiangazi. Uji alitema. Ndizi alitema. Mama alilala na mkono juu ya kifua cha mtoto, asikie kama bado kinapanda.

Kwetu, mtoto wa namna hiyo anatafuniwa. Bibi akatafuna ugali wa muhogo na ndagala, akamtolea kwenye ulimi. Mtoto akasikia harufu ya tumbako ya Bibi, akageuza shingo. Hata mimi ningegeuza.

"Huyu anachagua midomo," Bibi akasema. "We, kuya hapa. Uko na meno mazima."

"Bibi, mi ndagala zinanitapisha."

"Nani amekuambia umeze? Tafuna tu."

Nikatafuna. Vichwa vichungu, matumbo, mchanga wa ziwa, vyote vikawa tope la vuguvugu lenye mate yangu. Nikatema kiganjani kitu ambacho hata bata wetu angekifikiria kwanza.

Mdogo wangu akalamba kiganja chote, akameza. Kisha akanishika kidevu, akaniingiza vidole mdomoni, vya kamasi vilevile, kutafuta kama nimebakisha.

"Usifunge," Mama akaninong'oneza. "Muache atafute."