Nukta za Njano Ziligoma Kutoka

Nukta za njano ziligoma kutoka.

Za bluu zilikimbia vizuri tu, zikapita mlango wa mbele, zikapotelea ukingoni mwa skrini. Za njano zikageukia upande wa nyuma, zikasongamana kwenye kona moja, zikabaki pale zinatetemeka.

Kisha kona ile ikawa nyekundu.

Za bluu ni sisi wafanyakazi. Za njano ni watoto wetu.

Ngoja niwaeleze taratibu.

Nilikuwa naandaa slaidi kwenye kampuni inayofungasha dawa za usafi, zile za kusugulia sakafu na kuulia wadudu. Niliingia pale kama mfungashaji. Kompyuta nilisoma madarasa ya jioni, tumbo la mimba kubwa hadi kibodi naifikia kwa kunyoosha mikono. Kwa hiyo siku niliyopewa kiti chenye magurudumu nilikizungusha mara mbili, nikamshukuru Mungu.

Ghorofa ya chini kulikuwa na chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi. Binti yangu alikuwa humo. Tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui likizo.

Sasa, wakaguzi wa usalama walikuwa wanakuja. Meneja akaniita.

"Mama Chiriku, ile slaidi ya moto imeharibika. Irekebishe. Ukinivusha hapa, mkataba wa kudumu ni wako."

"Na nisipoweza?"

Akacheka. "Usiniulize maswali ya mkosi."

Slaidi yenyewe ilitengenezwa na kijana mmoja aliyeshahama kazi. Ndani yake kuna ramani ya jengo letu. Ukibonyeza chumba chochote, moto unawaka pale, na nukta zinaanza kutafuta mlango zenyewe. Hakuzichorea njia. Zinaisoma ramani, zinapita palipo wazi.

Nikajaribu, nikawasha moto kwenye ujia ulio mbele ya chumba cha watoto. Ndipo za njano zikagoma.

Nikazima, nikawasha. Zikagoma. Nikahamia kompyuta ya jirani, zikagoma. Nikasasisha programu, nikabadilisha waya wa projekta, nikaipiga na kofi dogo la mapenzi. Wapi!

Jioni nikaifungua nyumbani kwenye laptopu yangu chakavu.

Zikatoka! Zote, kama watoto waliosikia kengele.

Nikampigia mwalimu wangu wa jioni.

"Mwalimu, kwangu inakubali, ofisini inagoma."

"Nukta zinasoma ramani kutoka wapi?"

"Kwangu zinasoma nakala ya zamani niliyonayo. Ofisini zinasoma faili la pamoja, lile ambalo mafundi wa jengo huwa wanalibadilisha."

"Basi tatizo ni linki, binti yangu. Kata linki, pachika ramani yako humo humo ndani. Haitakusumbua tena milele."

Nikakata. Nikapachika. Na kwa kuwa mama ni mama, nukta moja ya njano nikaipaka kijani katikati. Huyo ni Chiriku wangu. Hakuna mwingine angejua.

Kesho yake Meneja alipobonyeza na kuona zote zinatoka, alipiga makofi.

"Wewe ni moto wa kuotea mbali! Nitumie hiyo hiyo. Naisambaza matawi yote. Majengo yetu si ni ramani moja?"

Nikamtumia. Nilijisikia mrefu, jamani. Njiani nilishaanza kupanga pa kuweka kitanda kipya cha mtoto.

Jioni hiyo nikawa namwogesha Chiriku. Kucha zake zilikuwa na kijivu, nywele zina vumbi jeupe.

"Umechezea nini leo, mama?"

"Ukuta wa baridi."

"Ukuta gani?"

"Ule umemeza mlango."

Kopo likanitoka mkononi.

"Umemeza mlango gani, Chiriku?"

"Mlango wa jua. Jua haliingii tena. Mama, sabuni machoni!"

Mlango wa jua ulikuwa mlango wa nyuma. Asubuhi jua lilipenyea pale, na watoto walikuwa wanagombea kukanyaga ule mstari wa mwanga.

Asubuhi nikamfikisha mapema kuliko kawaida. Mlezi wao alikuwa anakunja mikeka. Ukutani, upande wa nyuma, kulining'inia shuka lenye michoro ya wanyama. Nikalifunua.

Tofali. Saruji bado mbichi. Nikaigusa, ilikuwa baridi kama alivyosema.

"Shangazi, hii nini?"

Mlezi akaangalia mlangoni kwanza. "Stoo imezidiwa. Wamechukua ule ujia wa nyuma, wanapanga madumu. Wamesema ni kwa muda."

"Na moto ukianzia huku mbele?"

"Mungu apishe mbali, mwanangu."

Nikapanda ngazi. Nikafungua faili la pamoja. Ramani ilikuwa imebadilishwa, ujia wa nyuma umezibwa kwa mstari mnene. Kuna fundi aliyeagizwa kujenga ukuta, akajenga, kisha akauchora kama kazi inavyotaka.

Slaidi haikuwahi kuharibika. Ilikuwa inapiga kelele, nami nikaiziba mdomo.

Nikaenda kwa Meneja. Alikuwa anafunga tai mbele ya kioo cha dirisha.

"Bosi, chumba cha watoto hakina mlango wa nyuma."

"Najua."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu aliyeambiwa mvua inakuja.

"Wageni wakishaondoka tutaongea," akaendelea. "Mama Chiriku, kazi ikipotea, na nafasi ya mtoto chini imepotea. Unalijua hilo. Wewe hakikisha nukta zinatoka."

Nikarudi kwenye kiti changu chenye magurudumu. Sikukizungusha.

Nilikaa nikitazama ile nukta yenye kijani katikati. Kisha nikairudisha linki.

Wakaguzi wakaingia. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Meneja akasifu jengo hadi nikadhani ameliumba yeye. Halafu akamkabidhi kidude cha kubonyezea.

"Chagua popote, mama. Washa moto popote utakapo."

Mama akachagua ujia ulio mbele ya chumba cha watoto.

Za bluu zikakimbia. Za njano zikageuka, zikaenda nyuma, zikasongamana. Yenye kijani ilikuwa mbele kabisa, inagonga ukuta, inarudi, inagonga.

Mama akasogelea skrini.

"Mbona hawa wadogo hawatoki?" mama akauliza.

Meneja akacheka kavu. "Kompyuta hizi! Dada yetu hapa atarekebisha." Akanigeukia, jicho limekuwa sindano. "Rekebisha."

Nikamuwaza Chiriku, kucha zake, ule mstari wa mwanga.

"Haijaharibika, bosi. Inafanya kazi vizuri."

Mama akavaa miwani. Akasimama. "Nani atanipeleka chini?"

"Mimi," nikasema.

Ukuta ulibomolewa kabla jua halijazama, watoto wamehamishiwa uani wakishangilia kila tofali. Meneja alitolewa pale. Mimi nilijiandaa kufukuzwa, ila nilichopewa ni mkataba wa kudumu, kwenye tawi letu la mji mwingine. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaenda kumnunulia Chiriku begi lenye maua.

Wengi mngedhani hadithi imeishia hapo. Hata mimi.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Tukaingia mapokezi tumeshikana mikono, mimi na Chiriku na begi lake.

Ukutani kulikuwa na skrini kubwa. Moto unawaka, nukta zinakimbia, zote zinatoka, inaanza upya. Bila kupumzika.

Nikasogea. Miongoni mwa zile za njano, moja ilikuwa na kijani katikati.

Nikaigusa kwa kidole.

Ni ile nakala yangu. Ile iliyokatwa linki, ile Meneja aliyoisambaza. Haiulizi tena ramani yoyote. Jenga ukuta, panga madumu hadi darini, yenyewe itawatoa watoto tu.

"Kaka," nikamuuliza kijana wa mapokezi, "chumba cha watoto kina mlango wa nyuma?"

"Kinao."

"Uko wapi?"

Akaelekeza kidole kwenye skrini, bila hata kuinua kichwa. "Si huo hapo, dada. Huoni wanatoka?"

Nikambeba Chiriku. Tukaufuata ujia hadi mwisho, harufu ya dawa ikizidi kila hatua.

Mlango ulikuwepo. Nikausukuma. Ukafunguka upana wa kiganja, ukagota kwenye kitu kizito.

Chiriku akachungulia kwenye ule ufa.

"Mama, huu haujamezwa," akaninong'oneza. "Bado unatafunwa."

Nikamweka chini. Nikavua vile viatu vipya, nikapenyeza mkono, nikaanza kusukuma madumu, moja baada ya jingine, huku nikiita kwa sauti waje waone.

Walikuja. Wa kwanza alikuwa yule kijana wa mapokezi. Alipoona, alikunja mikono ya shati bila kuambiwa.

Ile nakala nimeitoa kwenye skrini ile. Matawi mengine naendelea kuyapigia simu. Wengine wananijibu, "Mbona yetu haina tatizo, inafanya kazi vizuri tu?"

Hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Mwenzangu unayesoma haya, chombo kikigoma, usikimbilie kukinyamazisha. Kiulize kwanza kinalalamikia nini. Na ukimkabidhi mwanao kwenye jengo la watu, usiridhike na picha ya mlango.

Nenda ukausukume.